CHARLES DE L'ÉCLUSE, MTU WA VITUNGUU VYA MAUA



Kila namba ya gazeti letu inakuwa na ukurasa wa maisha ya watu wakubwa. Tumekwisha kusoma juu ya wafalme, wahubiri na wenye kuvumbua mashini. Leo ni zamu yangu, na nimechagua mtu anayejulikana sana kule Ulaya, lakini hapa kwetu wengi hatujasikia jina lake. Ni Charles de l'Écluse, ambaye kwa Kilatini anaitwa Carolus Clusius. Hakupiga vita, hakutawala nchi. Kazi yake ilikuwa kupanda vitunguu vya maua, kuvichunga, na kuvigawa.

Tafadhali musicheke. Kisa chenyewe ni salongo ya juzi. Tuliambiwa kuchimba mbele ya madarasa, tupande maua na mboga. Sisi wa mwaka wa mwisho tulikataa. Tulisema kwamba egzeta iko karibu, kiisha tunaondoka, basi maua yatamfaa nani? Tena tulisema kwamba wezi watapita usiku. Ninaona haya kuandika neno hili, lakini ni kweli: mimi kiongozi wa wanafunzi nilikuwa wa kwanza kuweka jembe chini. Halafu nikasoma maisha ya bwana huyu, na maneno yangu yakaniishia mdomoni.

KITUNGUU CHA MAUA NI KITU GANI?

Tuanze na kitu chenyewe, ili mdogo wa mwaka wa kwanza asiachwe nyuma. Chukua kitunguu cha jikoni, ukikate katikati toka juu mpaka chini. Utaona majani manene yanafunikana, na katikati kabisa kichipukizi kidogo. Majani yale ni akiba ya chakula. Mmea umeweka chakula chake chini ya udongo ili wakati mbaya upite. Maua mengi yako na kitunguu cha namna hiyo: tulipa, narsisi, hiasinti, na hapa kwetu amarili, yale maua makubwa mekundu yenye mdomo wa tarumbeta.

Katika nchi za baridi watu wanapanda vitunguu vya tulipa katika mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Theluji inaanguka juu yake, navyo vinalala. Kumbe usingizi ule ndio dawa yao. Tulipa isipopata baridi kali muda wa miezi mitatu hivi, shina halirefuki vizuri na ua linaharibika. Baridi ikiisha, katika mwezi wa tatu, wa nne na wa tano, bustani yote inawaka rangi. Ndiyo maana yanaitwa maua ya majira ya kuchipua.

Hapa Goma tuko karibu na mstari wa ikweta, na mwinuko wetu ni kama metre 1,500. Hatuna theluji, isipokuwa mara chache ile inayoonekana mbali juu ya milima. Tulipa haitutaki. Lakini sisi nasi tuko na vyetu vya kulala. Mmekwisha kuona lile ua jekundu, mviringo kama mpira, lenye nyuzi nyingi, linalotoka katika udongo mtupu mvua za kwanza zikinyesha? Wataalamu wanaliita Scadoxus multiflorus. Nalo linatoka katika kitunguu. La Ulaya linakimbia baridi, letu linakimbia jua la kiangazi. Akili ni moja.

UTOTO NA MASOMO YAKE

Charles alizaliwa tarehe 19 mwezi wa pili, mwaka 1526, katika mji wa Arras. Leo mji huo uko Ufaransa, lakini wakati ule ulikuwa katika Nchi za Chini, pamoja na Ubelgiji na Uholanzi wa leo. Baba yake alikuwa mtu wa cheo, mshauri katika baraza la mahakama. Kama wazazi wengi, alitaka mtoto asome sheria.

Kijana alisoma Ghent, kiisha Leuven, na mwaka 1548 akapata shahada ya sheria. Akaenda Ujerumani, Marburg kwanza, halafu Wittenberg, mji wa Luther. Luther mwenyewe alikuwa amekufa mwaka 1546, lakini Melanchthon, rafiki yake, alikuwa bado anafundisha. Charles akawa mwanafunzi wake, akashika imani ya Kiprotestanti.

Mwaka 1551 akashuka mpaka Montpellier, kusini ya Ufaransa, kusoma uganga kwa mwalimu Guillaume Rondelet. Akakaa katika nyumba ya mwalimu wake. Siku zile mganga alipaswa kujua majani, kwa sababu dawa nyingi zilitoka katika majani. Wanafunzi walitoka na mwalimu kwenda porini na kando ya bahari kutafuta mimea. Hapo ndipo moyo wa Charles ulipoanguka. Sheria aliiacha. Uganga nao aliujua lakini hakuufanya kazi. Alichotaka ni kuona mmea kwa macho yake, kuuchora, kuupa jina, na kuuandika vizuri ili mtu mwingine autambue.

Tena alikuwa mtu wa lugha: Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, Kiflamandi, Kijerumani, Kihispania, Kiitaliano, Kireno. Mwaka 1557 alitoa kwa Kifaransa kitabu kikubwa cha mimea cha Dodoens, kilichoandikwa kwa Kiflamandi. Mwaka 1567 akatoa kwa Kilatini kitabu cha Garcia de Orta, mganga Mreno aliyekaa Goa kule Uhindi, juu ya dawa na viungo vya nchi zile. Basi wale wanaosema kwamba mtu wa sayansi hana haja na darasa la lugha, wafikiri tena.

SAFARI NA MATESO

Katika miaka ya 1564 na 1565 alizunguka Uhispania na Ureno pamoja na kijana wa ukoo tajiri wa Fugger. Alirudi na habari za mimea karibu 200 ambayo wataalamu hawakuwa wameiandika. Kitabu cha safari ile kilitoka Antwerpen mwaka 1576.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Mfalme wa Uhispania alitawala Nchi za Chini, na Waprotestanti waliwindwa. Katika ukoo wa Charles watu waliteswa kwa ajili ya imani, na mali ikachukuliwa. Mtoto wa bwana mkubwa akawa mtu wa kuishi kwa wema wa rafiki. Alikaa miaka kadhaa Mechelen, kwa Jean de Brancion, mwenye bustani nzuri sana. Hakuoa, hakuzaa.

Kutoka miaka ile kuna kisa kimoja ambacho Charles mwenyewe alikiandika. Karibu na mwaka 1562 mchuuzi mmoja wa Antwerpen alipokea mizigo ya vitambaa kutoka Konstantinopoli, mji ambao leo ni Istanbul. Ndani ya mizigo akakuta vitunguu. Akafikiri ni vya kula. Akachoma vingine katika majivu ya moto, akavila na mafuta na siki. Vilivyobaki akavitupa katika shamba lake la kabeji. Majira yalipogeuka, vichache vikatoa maua ambayo watu wa pale hawakuwa wamezoea kuyaona. Mtu mwingine, Joris Rye wa Mechelen, mwenye kupenda bustani, akaviokoa. Vilikuwa tulipa. Hebu ona jinsi kitu kinavyoweza kupotea kwa sababu mwenye kukipokea hakuuliza ni nini!

BUSTANI YA KAISARI

Mwaka 1573 Kaisari Maximilian wa Pili alimwita Charles kwenda Vienna kuangalia bustani ya mimea ya ikulu. Kaisari alikuwa Mkatoliki, lakini hakuwatesa watu wa imani nyingine. Hapo Vienna Charles alipata hazina. Ogier Ghiselin de Busbecq, aliyekuwa balozi wa Kaisari kwa Sultani Suleimani, alimpa mbegu na vitunguu vingi vilivyotoka Uturuki, na tulipa ndani yake.

Charles akapanda, akangoja. Na kungoja kwa tulipa si mchezo. Ukipanda mbegu yake, hutaona ua mwaka wa kwanza, wala wa pili. Kitunguu kinanenepa kidogo kidogo chini ya udongo, na ua la kwanza linatoka baada ya miaka 5 hata 7. Yaani mtoto akiingia mwaka wa kwanza wa sekondari na kupanda mbegu ile, pengine ua litachanua amekwisha kupata diploma.

Alipokuwa na nafasi alipanda milima ya Austria, akaandika maua ya kule juu penye baridi. Akaenda pia Hungaria kwa rafiki yake Boldizsár Batthyány. Huko aliuliza wakulima majina ya mimea kwa lugha yao wenyewe, akayaandika. Hakudharau maneno ya watu wa kijiji.

Kiisha, mwaka 1576, Kaisari akafa. Mwanawe Rudolf wa Pili hakumtaka Charles, na mwaka 1577 akatolewa kazini. Bustani aliyoitumikia ikaharibika. Charles alikuwa na miaka 51, hana mshahara wa ikulu, hana bustani, hana kwao pa kurudia.

Mtu angefikiri kwamba kazi yote imepotea, lakini haikupotea. Miaka yote Charles alikuwa akigawa. Kitunguu kiko na faida hii: kikilala, hakiombi maji wala udongo. Unakifunga katika karatasi au sanduku, kinasafiri majuma mengi, kinafika kizima. Charles aliandika barua kwa rafiki katika nchi nyingi, na mara nyingi pamoja na barua kulikuwa na vitunguu au mbegu. Barua zaidi ya elfu moja za watu waliomwandikia zimehifadhiwa mpaka leo. Wengine walikuwa wakubwa kama bibi Marie de Brimeu, wengine wauza dawa wa kawaida. Bustani ya Vienna ilikufa, lakini watoto wa mimea ile walikuwa wanaota katika mashamba ya rafiki. Mtu akipoteza mmea, rafiki aliyegawiwa anamrudishia.

KIAZI KATIKA MFUKO WA BOTANIA

Hapa nisikilizeni vizuri, watu wa Kivu. Mwanzo wa mwaka 1588, Charles akiwa bado Vienna, alipokea zawadi kutoka kwa Philippe de Sivry, gavana wa mji wa Mons katika Ubelgiji wa leo. Zawadi ilikuwa viazi viwili vya kizungu pamoja na tunda lake. Mwaka uliofuata akapokea picha ya mmea ule, iliyopakwa rangi. Picha ile iko mpaka leo katika nyumba ya makumbusho ya Plantin-Moretus, Antwerpen.

Kiazi si kitunguu. Ni kipande cha shina kilichovimba. Lakini shauri lake ni lile lile, kuficha akiba chini ya udongo. Kilitoka milima ya Amerika ya Kusini, na wakati ule watu wengi wa Ulaya walikuwa hawajakiona, na wengine walikiogopa. Charles alikipanda, akakigawa kwa rafiki Ujerumani na pengine, na mwaka 1601 akakiandika kwa uangalifu katika kitabu chake kikubwa cha mimea ya tunu. Si yeye peke yake aliyekieneza, kwa maana kiazi kilipita njia nyingi. Lakini alikuwa mmoja wa wale waliokifungulia mlango. Kiisha, wakati wa ukoloni, kikafika huku kwetu. Leo mama zetu wanakiita birayi, wanakishusha kwa magunia kutoka Masisi na Rutshuru, na wengi wetu tumelipiwa masomo kwa jasho la kiazi. Basi huyu bwana wa maua si mgeni kabisa katika sahani yetu.

LEIDEN

Mwaka 1588 alihama kwenda Frankfurt. Mwili wake ulikuwa umeumia mara nyingi kwa kuanguka safarini. Sasa nyonga ilivunja nguvu zake, akatembea kwa magongo. Hapo ndipo barua ikafika kutoka Leiden, Uholanzi. Chuo kikuu cha Leiden kilianzishwa mwaka 1575, baada ya mji kuvumilia mazingira ya vita na njaa mwaka 1574. Wakubwa wa chuo walitaka bustani ya kufundishia, na rafiki yake Marie de Brimeu alisaidia kumwombea kazi.

Alifika Leiden mwezi wa kumi, mwaka 1593. Alikuwa mzee wa miaka 67, kilema, mgeni. Wengi katika umri ule wanatafuta kiti tu. Yeye alifika na vitunguu vyake. Kwa kuwa hakuweza kuinama na kuchimba, alisaidiwa na Dirck Cluyt, muuza dawa kutoka Delft, mtu aliyejua udongo na nyuki. Bustani yenyewe ilikuwa ndogo, kama metre 35 kwa 40, yaani sehemu ya tano ya kiwanja cha mpira. Lakini ndani yake kulikuwa na namna zaidi ya 1,000 za mimea. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1594, tulipa zake zilichanua pale Leiden.

Sifa zikaenea, na pamoja na sifa wakafika wezi. Watu walianza kumwomba awauzishie vitunguu. Charles alipenda kuvitoa bure kwa mtu anayejua kuvitunza, lakini hakupenda wale waliotaka kupata franga tu. Basi wengine waliingia bustanini kwa siri wakang'oa, si mara moja. Mzee alivunjika moyo sana, akakasirika, hata akafikiri kuacha tulipa kabisa. Simfichi: hakuwa malaika wa kuchekelea hasara. Lakini hakuacha. Rafiki waliogawiwa zamani walikuwa na akiba, naye akaendelea kupanda na kuandika.

Jambo moja aliliona kwa macho makali. Tulipa zile zenye mistari ya rangi mbili, ambazo watu walizipenda kupita zote, zilidhoofika mwaka kwa mwaka, na mwisho zikafa. Aliandika hivyo bila kujua sababu. Katika karne ya 20 ndipo wataalamu walipogundua kwamba ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na vidukari. Uzuri ule ulikuwa homa.

Alikufa Leiden tarehe 4 mwezi wa nne, mwaka 1609, akiwa na miaka 83. Ilikuwa majira ya maua.

BAADA YAKE

Hakuona yaliyofuata, na pengine ni heri. Katika miaka ya 1636 na 1637 Waholanzi walishikwa na wazimu wa tulipa. Vitunguu vya tunu vilifika bei ya nyumba. Watu waliuziana karatasi za vitunguu vilivyokuwa bado chini ya udongo, ambavyo hawakuviona. Mwezi wa pili wa mwaka 1637 bei ikaanguka ghafula. Wazimu ulipita, lakini ukulima ulibaki. Mpaka leo Uholanzi inatoa mabilioni ya vitunguu vya maua kila mwaka, na watu wengi wanakula kwa kazi hiyo. Bustani ya Leiden nayo iko bado, inafundisha. Na tulipa moja inabeba jina lake: Tulipa clusiana.

SISI JE?

Nimalize na jambo la kwetu. Tarehe 22 mwezi wa tano, mwaka 2021, Nyiragongo ilipomwaga moto, nyumba ya mama mkubwa wangu kule Buhene ilifunikwa. Alikuwa na mstari wa amarili mbele ya mlango. Tuliporudi tulikuta mawe meusi tu, yanatoa moshi. Hakulilia kabati wala kitanda mbele yetu. Alisimama pale pa maua akanyamaza. Mwaka uliofuata mama mmoja jirani wa zamani alimletea mfuko. Ndani mlikuwa vitunguu sita. Mama mkubwa alikuwa amemgawia viwili zamani, hata amekwisha kusahau. Leo amarili ziko tena mbele ya mlango wake, mahali pengine.

Nilikuwa nimeona jambo hili kwa macho yangu, lakini sikulielewa mpaka niliposoma maisha ya Charles de l'Écluse. Ulichokificha, moto unaweza kukipata, na mwizi anaweza kukipata. Ulichomgawia mwenzako kina nyumba mbili.

Kwa hiyo, wenzangu wa mwaka wa mwisho, siku ya posho ijayo nitakuwa mbele ya madarasa na jembe nililoliacha. Mwenye kitunguu cha maua nyumbani, alete kimoja. Tutachimba shimo lenye kina mara tatu ya kimo cha kitunguu, lakini amarili tutaiacha shingo yake nje. Ncha inaangalia juu, mizizi chini. Udongo wetu wa volkano unapitisha maji vizuri, na hiyo ni heri, maana kitunguu kikikaa katika maji kinaoza. Maua yakinyauka tusikate majani mabichi; yanapika akiba ya mwaka ujao.

Kisha kila mmoja wetu atachukua mdogo mmoja wa mwaka wa kwanza, amwonyeshe pahali alipopanda. Vikizaa, mdogo huyo agawe. Sisi tutakuwa tumekwenda. Si neno.

Ni mimi, kiongozi wenu wa wanafunzi, mwaka wa mwisho.